AC yapuliza lakini haitoi baridi: kagua haya mwenyewe kabla hujalipia gesi

Kaskazi ikishashika, Disemba mpaka Machi hivi, Mombasa hakulaliki. Joto lafika 32, 33, na ule unyevu wa bahari juu yake, na ndio wakati huohuo AC za watu zaanza visa. Simu ya kwanza ni ya fundi, na fundi wengi, sisemi wote, jibu lao liko tayari hata kabla ya kupanda ngazi: gesi imeisha. Walipa, yapoa miezi kadhaa, msimu ukirudi gesi "imeisha" tena, na walipa tena.

Hili nalisema mwanzo kabisa manake ndilo linalokula pesa za watu: gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Si kama mtungi wa jikoni. Yazunguka tu ndani ya paipu za shaba zilizofungwa, yaingia ndani ya nyumba ikiwa baridi yachukua joto, yatoka nje yalimwaga, yarudi, na hivyo hivyo miaka na miaka. Ikiwa imepungua basi kuna mahali yavuja, na anayekujazia bila kupatafuta hapo mahali amekuuzia miezi michache tu. Na kabla hata hatujafika huko kwenye gesi, AC nyingi za huku kwetu pwani zinasumbuliwa na vitu vitatu, uchafu, chumvi na stima mbovu, na vyote vitatu mwenye nyumba aweza kuvikagua mwenyewe.

Nitazungumzia hizi split za kawaida, moja ndani ukutani na moja nje, sababu ndizo zilizojaa kuanzia Kizingo mpaka Mtwapa. Zile za nyumba nzima zenye mifereji ya hewa juu ya dari zafanya kazi kwa njia ileile, na nitazigusa mbele.

Vitu vya kuwa navyo: bisibisi ya nyota na ya bapa, testa, mita ya stima ya dijitali (nunua inayosoma uF, yaani mikrofaradi, utaona kwa nini), burashi laini, mpira wa maji, sabuni ya maji ya vyombo, nailoni na tepu. Kama ya nje imetundikwa ghorofa ya tatu ukutani, hapo hata usijaribu, mwachie mwenye mkanda wa kupandia. Pesa ya fundi yarudi, mgongo haurudi.

Stima kwanza, na hapa tafadhali sana. Kuzima kwa rimoti si kuzima stima. Stima bado imo ndani, bodi yangojea tu amri. Zima swichi ya AC ukutani, halafu zima na breka yake kwenye boksi, waambie watu wa nyumbani wasiiguse, na ukifungua kifuniko pima kwa testa kabla ya kutia mkono. Kwetu ni volti 240 hizi, na sakafu ya marumaru ikiwa na maji na weye uko miguu mitupu haina mzaha.

Tuanze na mambo mepesi. Angalia rimoti iko kwenye alama ya theluji, manake watoto huibonyeza ikaenda kwenye feni tupu, ikawa yapuliza hewa ileile ya chumbani. Badilisha betri. Weka 20 hivi kwa ajili ya kujaribu, halafu ngoja dakika 3 au 4, sababu AC ina kinga inayoizuia kompresa, ile pampu ya gesi iliyo nje, isiwake papo hapo, kwa hio ukiwasha na kuzima kila dakika kwa haraka haitawaka kamwe na utadhani imekufa.

Kisha toa filta. Fungua uso wa ile ya ndani, vuta zile nyavu mbili, na ukiona zimeota manyoya ya vumbi basi ushapata angalau nusu ya jibu. Osha kwa maji na sabuni, kausha kivulini, rudisha. Msimu wa joto AC ikifanya kazi kila usiku hio ni kazi ya kila wiki mbili. Filta ikiziba hewa haipiti, hewa isipopita koili ya ndani (zile paipu za shaba zilizojikunja nyuma ya filta) yaganda barafu, na barafu ikishafunika koili hakuna baridi inayotoka tena, yatoka maji tu. Ukiona barafu usiikwangue kwa kisu, utatoboa paipu na hapo ndio utakuwa umejitafutia gharama ya kweli. Zima AC, au iache kwenye feni tupu bila ubaridi, mpaka barafu yote iyeyuke, kisha safisha, kisha jaribu upya. Filta ikiwa safi, feni yavuma vizuri na bado yaganda, hapo ndio gesi kidogo yaanza kuwa mshukiwa.

Sasa twende nje, na hapa nataka ukae kidogo, sababu hapa ndipo Mombasa ni tofauti na Nairobi. Kazi ya ile ya nje ni kumwaga joto. Ina mapezi, vile vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa nyuma na ubavuni, na feni yavuta hewa kupitia hapo katikati. Upepo wa bahari waleta chumvi, chumvi yavuta unyevu, vumbi lanasa juu yake, yawa tope gumu. Joto halitoki, presha ndani yapanda, kompresa yachemka, yazimika yenyewe, yapoa, yawaka tena. Mwenye nyumba aona AC yapoa asubuhi lakini mchana haitoi kitu. Fundi wa haraka atasema gesi. Dawa yake ni maji.

Lakini maji gani? Usioshe kwa maji ya kisima! Visima vingi vya huku vina chumvi, na ukiosha kwa hayo maji waongeza kilekile unachojaribu kutoa, yakikauka yaacha unga mweupe na alumini yaanza kuliwa. Tumia maji ya mfereji, au kama mfereji hautoi, nunua mtungi mmoja wa maji matamu, na huo mmoja watosha ukitumia kopo na subira. Jirani yangu wa Nyali, nyumba yake yaelekea bahari kabisa, huimwagia AC yake ya nje maji matamu kila mwisho wa mwezi, na mapezi yake bado yamesimama wakati za majirani zishaanza kumeguka.

Namna ya kuosha: stima imezimwa kule kwenye breka. Fungua skrubu za kifuniko cha juu, funika upande wenye nyaya na bodi kwa nailoni uifunge vizuri na tepu. Toa majani, nyuzi za buibui, viota, na angalia mijusi, wao wapenda sana kulala juu ya bodi sababu kuna joto, kisha mmoja agusa nyaya mbili, afa hapo na bodi yaungua naye. Piga burashi kavu kwa kufuata mistari ya mapezi, juu kwenda chini, usipige kwa kukatisha yatalala. Halafu mwagia maji kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke kule ulikoingilia, sio kuusukumia katikati. Mpira wa kawaida tu, usilete ile mashine ya kuoshea magari, inakunja mapezi yote na hewa haipiti tena. Kwa mafuta ya jikoni yaliyoganda tumia sabuni ya vyombo na maji mengi ya kusuuza. Siki na dawa za choo weka mbali kabisa na alumini. Acha ikauke vizuri, toa nailoni, funga, washa.

Na hakikisha ile ya nje yapumua. Watu wengine waijengea kibanda cha mbao isionekane, wengine waanika nguo mbele yake au wapanga madumu. Hewa moto inayotoka yarudi ileile ndani na kazi yote inakuwa bure.

Umesafisha na bado? Nenda kwenye kapasita. Washa AC, ngoja zile dakika, toka nje usikilize. Ukisikia mvumo wa "mmmm" halafu "tak" ya kuzima, halafu kimya, halafu tena mvumo baada ya muda, kompresa yajaribu kuamka na yashindwa. Au kompresa yavuma vizuri lakini feni imesimama. Au feni yazunguka na kompresa kimya, ndani yapuliza hewa ya kawaida. Hizi zote mara nyingi ni kapasita, kile kimkebe cha rangi ya fedha, mviringo, chenye vidole vya kuchomekea nyaya juu (ya feni yaweza kuwa peke yake, kiboksi kidogo cheusi). Ndio inayoipa mota msukumo wa kuanza. Joto la huku na stima ya kupanda na kushuka huichosha, na ni spea ya bei nafuu mno ukilinganisha na kujaza gesi, ndio maana naumia nikisikia mtu ameuziwa kompresa nzima wakati kilichokufa ni kimkebe.

Angalizo: kapasita huhifadhi stima hata baada ya kuzima kila kitu. Zima breka, ngoja dakika kadhaa, kisha iondoe stima yake kwa kushikisha kwenye vidole vyake nyaya mbili za holda yenye balbu ya zamani ya uzi, mkono wako ukiwa kwenye plastiki tu. Kisha pima kwa mita uhakikishe iko sifuri. Zile zenye vidole vitatu (majina yake yameandikwa juu) pima C na HERM, yaani upande wa kompresa, halafu C na FAN, upande wa feni. Hii ya kupigisha shoti kwa bisibisi wafanyavyo wengi, cheche ikiruka hujui itaruka wapi.

Sasa piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujachomoa hata moja. Chomoa, weka mita kwenye uF, pima. Ubavuni mwa mkebe imeandikwa inavyotakiwa, tuseme 35 uF na kando yake asilimia 5, yaani yaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi hicho. Ikisoma 34, iko sawa. Ikisoma 27 au 15 imekufa, na ikiwa imevimba kichwani au yatoa mafuta usihangaike hata kupima. Nenda nayo dukani ukiwa umeishika mkononi, nunua uF ileile, volti ileile au zaidi. Muuzaji akikwambia chukua kubwa kidogo itavuta vizuri zaidi, kataa, mota yapata mkondo usio wake na yachemka. Rudisha nyaya kama picha inavyoonyesha.

Ukiwa hapohapo angalia na vichwa vya nyaya. Chumvi yaota kijani kwenye shaba, nati yalegea, mahali pachemka, plastiki yawa kahawia. Waya uliooza kata kipande chake, vua ngozi upya, kaza. Pia plagi ya ukutani, ukishika baada ya saa ya kazi ukakuta ni moto si vuguvugu, au kuna harufu ya plastiki, hio laini haitoshi. AC yataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, sio kuchangia na firiji na pasi. Na pima volti usiku wakati mtaa mzima umewasha, ikishuka chini ya 200 kompresa yapata taabu kuwaka hata kama kila kitu ni kizima.

Maji kudondoka ndani, hili ni jepesi na watu hulipia pesa nyingi. Unyevu wa Mombasa ni mwingi mno, AC ya BTU 12000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kutoa lita moja kwa saa si ajabu, na maji hayo yote yapita kwenye kijipaipu kimoja. Ndani yake huota utelezi, na mwisho wake kule nje wadudu huingia. Nenda nje, nyonya kwa pampu au vakyum ya maji, au puliza kwa pampu ya baiskeli lakini polepole isije ikaachana kule ndani ukutani. Kisha mimina maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na siki kidogo kwenye trei ya ndani, kidogo kidogo, uone yatoka (trei ni plastiki, hapa siki haina neno, ila usiimwagie koili). Hakikisha paipu yateremka moja kwa moja bila kupanda mahali, na mwisho wake usizame ndani ya ndoo yenye maji, watu hukinga wapate ya kupigia deki, ni vizuri, ila ncha ibaki juu ya maji.

Zile za mifereji ya dari, hapa hapa kuna la kujua: trei yake nyingi zina swichi ya kuelea, maji yakijaa yazima mashine nzima kimya kimya. Mtu adhani AC imekufa kumbe ni paipu ya maji imeziba. Na filta yake iko kwenye ile tundu kubwa inayovuta hewa, mara nyingi sebuleni au kwenye korido, na wapangaji wengi hawajui hata kama ipo.

Kabla ya kuhukumu gesi pima joto. Kithamomita cha bei ndogo, weka juu pale hewa inapoingia, kisha pale inapotokea, AC ikiwa imefanya kazi robo saa. Tofauti ikiwa digrii 8 mpaka 12, mashine yako ni nzima. Yaani hewa yaingia 29 yatoka 19, gesi iko, na yeyote anayetaka kukujazia akutaka pesa tu. Tatizo liko chumbani: dirisha la mbao lenye mianya, zege ya juu iliyopigwa na jua siku nzima, au BTU 9000 kwenye sebule ya watu kumi. Tofauti ikiwa digrii 3 au 4, filta safi, nje safi, kompresa yavuma, basi sawa, yawezekana gesi imepungua.

Hapo angalia viungo, zile nati za shaba ambapo paipu zaingia kwenye ile ya nje. Gesi husafiri na oili, kwa hio mahali panapovuja mara nyingi pana utelezi wa mafuta na vumbi limenasa. Paka povu zito la sabuni, AC ikiwa imezimwa, subiri, tazama kama kuna vipovu vinakua. Ukiviona umeshajua mahali, na fundi hawezi kukuzungusha.

Kujaza gesi usifanye mwenyewe, na sisemi hivi kuwalinda mafundi. Kwenye kibao cha ubavuni imeandikwa ni gesi gani. R22 ni ya mashine za zamani, yaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani chini ya mkataba wa Montreal wa 1987. R410A presha yake yazidi R22 kwa zaidi ya nusu, geji na mipira ya R22 yaweza kupasuka nayo. R32, ambayo AC mpya nyingi zinayo, hushika moto. Hazichanganywi, hata kidogo. Unachofanya weye ni kumsimamia fundi: aonyeshe pavujapo, azibe, ajaribu kwa presha ya naitrojeni kama bado pavuja, atoe hewa na unyevu kwa vakyum pampu nusu saa au zaidi, kisha ajaze kwa mizani kulingana na gramu za kwenye kibao. Anayefungua mtungi na kujaza kwa kukisia huku ashika paipu aone kama ni baridi, mshukuru na umlipe nauli.

Kama AC yako ni inverta, ile inayobadilisha kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, ishia kwenye kusafisha na nyaya za nje tu. Bodi yake yabadilisha 240 kuwa stima ya DC, kama ya betri, volti 340 hivi, na yabaki humo hata baada ya kuzima. Ikionyesha namba ya kosa kwenye uso, au taa yapepesa, iandike, angalia kitabu chake, mpe fundi hio namba kwa simu kabla hajaja.

Na mapezi ya nje yakishakuwa unga, ukigusa yameguka mkononi, usitie tena pesa kwenye hio mashine, gesi wala kapasita haitaisaidia. Ukinunua mpya uliza yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, ya buluu au ya dhahabu, itundikwe upande usiopigwa moja kwa moja na upepo wa bahari, iwekewe laini yake na gadi ya stima inayochelewesha kuwasha stima ikirudi. Siku ya kufungwa kuwa hapo, na usimalize kulipa mpaka uione vakyum pampu ikifanya kazi kwa macho yako.